Mgeni Mashuhuri Katika Nyumba Inayojengwa

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu umezoeleka sokoni, penye vitenge na samaki wa kukaanga, lakini upo mchezo mmoja wa nchi za baridi ambamo ukweli wake hupimwa kila mwaka kwa mamilioni ya dola. Ifikapo saa 6 mchana tarehe 1 Julai, kwa saa za New York na Toronto, hufunguliwa soko la wachezaji huru wa hoki ya barafu. Wachezaji waliomaliza mikataba yao huwa hawafungwi tena na mtu. Simu hulia, mawakala huongea mpaka sauti zikawakauka, na kabla ya jua kuchwa wale wenye majina makubwa huwa wamekwisha kuchagua watakapokula na kulala kwa miaka mingi ijayo.

Timu bingwa haina taabu kubwa siku hiyo, kwani kombe lake linaizungumzia. Mwenye taabu ni yule aliyeshika mkia: timu iliyouza wakongwe wake, ikabaki na vijana wa miaka 19 na viti vitupu uwanjani, na ambayo inajiita kwa heshima timu inayojijenga upya. Timu ya namna hiyo itamwambia nini mchezaji hodari, mwenye miaka 29 na magoti yanayoanza kuhesabu siku, hata aiache meza iliyoandaliwa aende kuketi kwenye nyumba isiyo na paa?

Kabla ya kujibu, yafaa mchezo wenyewe uelezwe kidogo. Hoki ya barafu huchezwa na watu 6 kila upande, mlinda mlango akiwa mmojawapo, nao huteleza kwa viatu vyenye kisu cha chuma wakiwania kisahani cha mpira mgumu kwa magongo yaliyopinda. Afrika ya Mashariki nayo si mgeni kabisa wa jambo hili: ndani ya hoteli ya Panari mjini Nairobi ulifunguliwa uwanja wa barafu mwaka 2005, ndiko walikokulia wachezaji wa timu ya Ice Lions, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Hata hivyo makao makuu ya fedha na sifa ni ligi ya NHL, yenye klabu 32, ambazo 25 ziko Marekani na 7 ziko Kanada. Kombe lake huitwa Kombe la Stanley.

Mpenzi wa kandanda amezoea kuona klabu tajiri ikilipa klabu maskini fedha nyingi ili imchukue mchezaji wake. Katika NHL mambo hayaendi hivyo. Klabu hubadilishana wachezaji kwa wachezaji, au kwa haki ya kuchagua vijana chipukizi katika mgawo wa kila mwaka, ambapo timu dhaifu hupewa nafasi za mbele. Mchezaji akishafikisha miaka 27, au misimu 7 ya kucheza, na mkataba wake ukaisha, yu huru kwenda atakako bila mtu kulipwa fidia.

Hapo ndipo wengi hudhani kwamba fedha ndiyo itakayoamua. Sivyo. Msimu mzima wa 2004-05 ulifutwa kwa sababu wenye timu na wachezaji hawakuelewana, na walipopatana mwaka 2005 iliwekwa sheria ya kikomo cha mishahara: kila klabu, tajiri kwa maskini, isitumie zaidi ya kiasi fulani kwa kuwalipa wachezaji wake wote. Kikomo hicho kilianza kwa dola milioni 39, na kwa msimu wa 2025-26 kilifikia milioni 95.5. Mchezaji mmoja hawezi kulipwa zaidi ya sehemu ya tano ya kikomo. Tena ipo sakafu, maana yake klabu hairuhusiwi kutumia kidogo mno. Kwa msimu huo sakafu ilikuwa takriban dola milioni 70.6. Kwa hiyo timu inayojijenga hata ikitaka kubana matumizi, sheria huilazimisha kutoa fedha, nayo mara nyingi huwa na nafasi kubwa ya kulipa kuliko bingwa aliyejaa. Lakini nafasi hiyo wanayo wengine wanne au watano walio katika hali ile ile. Watu watano wakisimama mlangoni na posa inayolingana, binti hutazama jambo jingine.

Fedha yenyewe nayo hailingani mahali pote. Majimbo ya Florida, Texas, Nevada na Tennessee hayatozi kodi ya mapato ya jimbo juu ya mshahara, hali mchezaji wa Toronto au Montreal hukatwa sehemu kubwa. Dola milioni 8 za Tampa si sawa na dola milioni 8 za Montreal pindi zinapofika mfukoni. Timu ya Kanada inayojijenga huanza mbio ikiwa nyuma hatua kadhaa, na hakuna ufundi wa kiongozi wake utakaoifuta sheria ya kodi.

Basi mchezaji hutazama nini? Hapana kisa kinachojibu swali hili vizuri zaidi kuliko kile cha Chicago.

Mwaka 2007 klabu ya Chicago Blackhawks ilikuwa kama duka la zamani ambalo mwenyewe amekataa kulipaka rangi. Ilikuwa haijatwaa kombe tangu mwaka 1961. Mmiliki wake, Bill Wirtz, alishikilia kwamba michezo ya nyumbani isionyeshwe kwenye televisheni ya mji, kwa hoja kuwa mtu akiona bure hatanunua tiketi. Matokeo yake ni kwamba watoto wa Chicago walikua bila kuwajua wachezaji wa mji wao. Mzee huyo alifariki Septemba 2007, na mwanawe Rocky Wirtz akashika usukani. Michezo ya nyumbani ilianza kuonyeshwa msimu ule ule. Mashujaa wa zamani, kina Bobby Hull na Stan Mikita, ambao walikuwa wamekaa mbali na klabu kwa miaka mingi, waliitwa wakapewa heshima ya ubalozi wa timu. Mambo haya hayafungi bao hata moja. Hata hivyo mchezaji aliye mbali anayasoma vizuri sana: klabu inayomtunza mzee wake itamtunza na yeye atakapozeeka.

Na chini ya vumbi la duka lile zilikuwamo bidhaa njema. Duncan Keith alikuwa amechaguliwa mwaka 2002, Brent Seabrook mwaka 2003. Jonathan Toews alichaguliwa wa 3 katika mgawo wa 2006, na Patrick Kane akawa wa kwanza kabisa katika ule wa 2007. Julai 2008 Toews alipewa unahodha akiwa na miaka 20 tu. Wapo waliocheka. Lakini mwezi huo huo Brian Campbell, aliyekuwa beki aliyetafutwa kuliko wote sokoni, alikubali mkataba wa miaka 8 wenye thamani iliyozidi kidogo dola milioni 57, wakati Chicago ilikuwa imekosa hata kuingia katika michuano ya mtoano msimu uliotangulia.

Campbell alilipwa ghali, na yafaa isemwe wazi kwamba alilipwa ghali kuliko uwezo wake. Ndiyo kodi ambayo nyumba isiyo na paa humlipa mgeni wa kwanza. Klabu ilijua hivyo, na faida yake ilionekana upesi: msimu wa 2008-09 timu ilipata pointi 104, ikazitoa Calgary na Vancouver, ikafika nusu fainali na kutolewa na Detroit Red Wings.

Ndani ya jezi ya Detroit siku hizo alikuwamo Marian Hossa, mshambuliaji kutoka Slovakia, na kisa chake kingefaa kuimbwa kwenye taarab. Mwaka 2008 alifika fainali na Pittsburgh, akashindwa na Detroit. Kiangazi hicho alikuwa huru. Akakataa mikataba mirefu, akaenda Detroit kwa mwaka mmoja tu na dola milioni 7.45, kwa kuwa aliamini huko ndiko kombe liliko. Mwaka 2009 alifika fainali tena, safari hii na Detroit, akashindwa na nani? Na Pittsburgh, ile ile aliyoiacha. Mtu aliyefuata meza iliyoandaliwa mara mbili, akakuta sahani imeondolewa mara mbili!

Julai 2009 Hossa akawa huru tena, naye alikuwa amekwisha kuwaona vijana wa Chicago kwa macho yake, kwa majuma mawili ya Mei, bega kwa bega juu ya barafu. Hakuhitaji kuonyeshwa vitabu vyenye picha. Alitia saini mkataba wa miaka 12 kwa dola milioni 62.8. Mkataba wenyewe ulikuwa umefumwa kwa ujanja: miaka ya mwanzo alilipwa milioni 7.9 kwa mwaka, na miaka ya mwisho, ambayo kila mtu alijua hataicheza, milioni 1 au chini yake, ili wastani unaohesabiwa katika kikomo uwe mdogo. Makubaliano ya ligi ya mwaka 2013 yaliuziba mwanya huo. Lakini mwaka 2009 ulikuwa wazi, na Chicago ilipita.

Usiku wa tarehe 9 Juni 2010 mjini Philadelphia, Patrick Kane alifunga bao katika muda wa nyongeza na Chicago ikatwaa kombe baada ya miaka 49. Nahodha Toews alipokabidhiwa kombe hakulipeleka kwa rafiki yake Kane, wala kwa mkongwe wa klabu. Wa kwanza kupewa alikuwa Hossa. Alilitwaa tena mwaka 2013 na mwaka 2015, na jezi yake namba 81 imetundikwa darini mwa uwanja wa Chicago isivaliwe na mtu mwingine.

Siri ya Chicago, ikiwa ni siri, ilikuwa katika hesabu ya saa. Toews na Kane walikuwa bado katika mikataba yao ya kwanza ya ujana, ambayo sheria ya wakati huo iliweka mshahara wake wa msingi chini ya dola milioni 1, ukiacha marupurupu. Vijana wawili waliocheza kama watu wa dola milioni 6 walilipwa kama wanafunzi wa kazi, na pengo lile la mshahara ndilo lililomlipa Hossa. Pengo halikudumu. Mara tu baada ya kombe la 2010 mikataba mipya ya vijana ilianza, na klabu ikalazimika kuwatawanya Dustin Byfuglien, Andrew Ladd na wengine kadhaa waliolitwaa kombe. Campbell mwenyewe alipelekwa Florida mwaka 2011. Paa lilipoezekwa, baadhi ya waashi walitolewa nje.

Haki inadai pia isemwe kwamba ndani ya nyumba ile ile palikuwa na uovu. Mwaka 2021 uchunguzi huru ulieleza kuwa wakati wa michuano ya 2010 mchezaji mmoja kijana alilalamika kudhalilishwa kimwili na mmoja wa walimu wa timu, na viongozi wakaliacha jambo hilo likae kwa majuma kadhaa mpaka kombe lilipopatikana. Ligi iliitoza klabu faini ya dola milioni 2, na waliohusika wakaondoka. Wazazi wanaowapeleka watoto wao kwenye klabu za michezo, ya barafu au ya majani, wana sababu ya kulikumbuka hilo kuliko mabao yote ya Kane. Na wakala yeyote makini anayempeleka mteja wake mahali papya siku hizi huuliza kwanza jinsi wadogo wa hapo wanavyotendewa.

Huko ndiko tunakofika kwenye jambo ambalo kurasa za michezo hulipita haraka, nalo ni la kurasa za nyumbani. Uamuzi wa tarehe 1 Julai haufanywi na mchezaji peke yake. Mtu wa miaka 28 au 29 ana mke, mara nyingi ana watoto wawili wadogo, na msimu wa michezo humweka nje ya nyumba nusu ya usiku wote wa baridi. Mama ndiye atakayeitafuta shule, daktari wa watoto, na jirani wa kuzungumza naye. Klabu zilizoelimika huwaalika wote wawili, huwaonyesha mitaa na shule, na huwapa ahadi ya maandishi kwamba baba hatahamishwa mji mwingine bila ridhaa yake. Ahadi hiyo timu inayojijenga inaweza kuitoa bila gharama ya leo, na kwa familia yenye mtoto wa darasa la kwanza thamani yake hushinda nusu milioni ya nyongeza. Gharama yake huja baadaye, kiwango cha mchezaji kinaposhuka na klabu isiweze kumsogeza.

Edmonton, mji wa kaskazini wenye baridi kali, inalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2006 ilifika fainali, na kiangazi hicho hicho beki wake mkuu, Chris Pronger, akaomba kuhamishwa kwa sababu za binafsi. Mwaka 2009 Ottawa ilikubali kumtoa mshambuliaji Dany Heatley aende Edmonton. Heatley akatumia haki iliyokuwa katika mkataba wake, akakataa. Toka 2010 hadi 2012 klabu hiyo ilipata chaguo la kwanza katika mgawo wa vijana miaka mitatu mfululizo, jambo ambalo lingetosha kuvuta macho ya kila mtu. Wakubwa hawakuja. Kati ya 2009 na 2015 walimu wa timu walibadilishwa zaidi ya mara nne, na mgeni anayeona mwenye nyumba akibadili fundi kila msimu hujua kwamba kasoro haiko kwa fundi. Vijana wazuri pekee hawatoshi kama hakuna utaratibu wa kuwalea.

New York Rangers walijaribu njia nyingine, nayo ilikuwa ya kusema kweli. Februari 2018 viongozi wa klabu hiyo waliwaandikia mashabiki barua ya wazi, wakiwaambia kwamba timu itavunjwa na kwamba nyuso walizozipenda zitaondoka. Mawakala walizoea kuficha habari za namna hiyo, na waliosoma barua walishangaa. Ryan McDonagh, aliyekuwa nahodha, alipelekwa Tampa. Rick Nash akaenda Boston. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye, tarehe 1 Julai 2019, Artemi Panarin wa Urusi, mshambuliaji aliyekuwa juu ya wachezaji huru wote wa mwaka huo, aliifuata timu hiyo iliyokuwa haijaingia katika mtoano misimu miwili, kwa miaka 7 na dola milioni 81.5. Magazeti ya wakati ule yaliripoti kwamba aliacha fedha zaidi kwingineko. Mji wa New York wenyewe ulimvuta, hilo halikanushiki, na si kila klabu ina New York ya kumwonyesha mgeni. Lakini mji huo ulikuwapo siku zote. Jipya lilikuwa kwamba klabu ilikuwa imetangaza hadharani safari yake, na kila hatua iliyoitaja ikawa imeitimiza. Msimu wa kwanza Panarin alifunga na kutoa pasi za mabao 95 katika michezo 69.

Wapo waliofanya kinyume, wakajaribu kuinunua nyumba nzima kwa siku moja. Detroit, ambayo baadaye ikawa mfano wa uongozi bora, ilikuwa na kijana wa ajabu, Steve Yzerman, aliyechaguliwa mwaka 1983. Badala ya kumngoja akue, kiangazi cha 1985 ilitawanya fedha kwa wageni kama mtu aliyepata urithi. Mmoja wao, Warren Young, alikuwa ametoka kufunga mabao 40 huko Pittsburgh akicheza kando ya Mario Lemieux. Detroit haikuwa na Lemieux. Young alifunga 22, na timu nzima ilishinda michezo 17 kati ya 80, ikawa ya mwisho katika ligi. Kombe lilikuja mwaka 1997, baada ya miaka mingi ya kulea vijana. Watu wa Nashville nao waliionja shubiri hiyo si zamani: tarehe 1 Julai 2024 waliwasajili Steven Stamkos, Jonathan Marchessault na Brady Skjei kwa siku moja, wakasifiwa kila mahali, kisha wakamaliza msimu na pointi 68, nje ya mtoano.

Kosa la Detroit na Nashville linaonekana hata kwa asiyeujua mchezo. La Toronto ni la siri zaidi, na ndilo linalopaswa kuchunguzwa na kila klabu inayojijenga, kwa kuwa Toronto ilifanya karibu kila kitu sawasawa. Msimu wa 2015-16 ilikubali kuwa ya mwisho. Ikampata Auston Matthews, ikijumlisha na William Nylander na Mitch Marner waliotangulia. Kiangazi cha 2016 ilimwita Stamkos. Akaisikiliza, akabaki Tampa. Miaka miwili baadaye, nyumba ikiwa na kuta, akaja John Tavares, mzaliwa wa maeneo hayo, kwa miaka 7 na dola milioni 77. Siku ya kutia saini alitoa picha yake ya utotoni, amelala ndani ya mashuka yenye nembo ya Toronto. Mji ulilia kwa furaha. San Jose ilisemekana kumtajia zaidi.

Kisha saa ikagoma. Tavares alikuja wakati mikataba ya ujana ya wale watatu inakwisha, na kila mmoja akaingia ofisini akiwa na kipimo kipya mkononi: ikiwa mgeni analipwa milioni 11, mwana wa nyumba alipwe ngapi? Matthews alipata milioni 11.6 kwa mwaka, Marner 10.9, Nylander karibu milioni 7. Watu wanne wakawa wanachukua zaidi ya dola milioni 40 katika kikomo cha milioni 81.5, takriban nusu ya chungu kwa walaji wanne katika timu ya watu 23. Hapo ukaja ugonjwa wa Korona, mapato yakaanguka, na kikomo ambacho kila mtu alitegemea kipande kikaganda pale pale misimu mitatu. Hakuna aliyeweza kulitabiri hilo. Lakini mwenye kujenga kwa kutegemea mvua ya mwaka ujao hana wa kumlalamikia. Katika miaka 7 ya mkataba ule Toronto ilishinda raundi mbili tu za mtoano, mwaka 2023 na mwaka 2025, na kombe lake la mwisho limebaki lile la 1967.

Gharama halisi ilionekana kwa mtu ambaye jina lake halikuwa kubwa. Zach Hyman, mfanyakazi wa pembeni mwa barafu, mtu wa kugombea kisahani pale penye viwiko na migongo, alikuwa Toronto, hajawahi kuvuka mabao 21 katika msimu. Mwaka 2021 mkataba wake uliisha na Toronto haikuwa na nafasi ya kumlipa alichostahili. Akaenda, tazama, Edmonton, ile ile iliyokuwa ikikimbiwa, kwa miaka 7 na dola milioni 5.5 kila mwaka. Safari hii Edmonton ilikuwa na Connor McDavid na Leon Draisaitl, ilikuwa imeacha kutangatanga, na ilimtaka Hyman kwa kazi maalumu: kusimama mbele ya lango na kungoja pasi. Msimu wa 2023-24 alifunga mabao 54, na timu yake ikafika fainali mwaka huo na mwaka uliofuata, ingawa ilishindwa zote mbili na Florida.

Soko lenyewe sasa linabadilika. Mkataba mpya kati ya ligi na wachezaji, ulioidhinishwa mwaka 2025, umepunguza urefu wa mikataba kuanzia Septemba 2026: miaka 7 kwa anayebaki kwake na 6 kwa anayehama. Kikomo cha mishahara nacho kinapanda upesi baada ya kuganda kwa muda mrefu, kwa msimu wa 2026-27 kikiwekwa dola milioni 104. Kwa juu juu hii ni neema kwa timu zinazojijenga. Kwa ndani si neema sana, kwa kuwa bingwa naye amepata nafasi ya kuwashika watu wake, na wenye majina makubwa kabisa wanazidi kuwa wachache kila Julai. Mwaka 2025 Marner aliyetarajiwa kuwa lulu ya soko hakulifikia kabisa; alipelekwa Vegas siku moja kabla halijafunguliwa, akiwa na mkataba wa miaka 8 mkononi.

Na Chicago? Imerudi ilikoanzia. Kane alipelekwa New York mwaka 2023, Toews akaondoka mwaka huo huo, na Juni 2023 klabu ikapata chaguo la kwanza na kumtwaa Connor Bedard, kijana wa Kanada aliyekuwa hajatimiza miaka 18. Rocky Wirtz alifariki mwezi uliofuata, na mwanawe Danny akarithi kiti. Kiangazi cha 2024 walikuja wageni wa daraja la kati, Tyler Bertuzzi na Teuvo Teravainen, kwa mikataba ya miaka 4 na 3, watu wa kumsaidia kijana asiumie na asichoke kushindwa. Hossa wa zamu hii hajaonekana. Mkataba wa kwanza wa Bedard uliwekwa uishe mwishoni mwa msimu wa 2025-26.